Jinsi Uyoga Ulivyopata Jina na Picha

Mkulima apandaye mahindi hujua atakachovuna, kwa sababu mbegu ilipita mkononi mwake kabla ya kuingia ardhini. Uyoga si hivyo. Hakuna mtu aliyeupanda. Mvua hunyesha usiku, na asubuhi yake kichuguu ambacho jana kilikuwa kikavu huonekana kimevaa kofia nyeupe kumi au ishirini. Basi aokotaye uyoga hulazimika kuuliza swali ambalo avunaye mahindi haulizi kamwe: Kitu hiki ni nini? Jibu likiwa sahihi, watu wa nyumbani hupata kitoweo kitamu kisicho na gharama. Likikosewa, nyumba hiyo hiyo yaweza kuingia msibani.

Historia ya elimu ya uyoga ni historia ya swali hilo moja. Insha hii yataka kueleza jinsi wanadamu walivyojaribu kulijibu, kwanza kwa kinywa, kisha kwa kalamu na rangi, na mwisho kwa kamera. Na jinsi kila chombo kipya kilivyosaidia katika jambo moja na kupungukiwa katika jingine.

Chombo cha kwanza kilikuwa kumbukumbu. Katika nchi yetu ya Kenya, hasa upande wa magharibi ambako mvua ni nyingi na vichuguu ni vingi, wazee wamekula uyoga tangu zama zisizohesabika. Waluhya huuita obwoba, Wajaluo huuita obwolo, na chini ya jina hilo moja mna majina mengine ya namna mbalimbali, kila namna na mahali pake na majira yake. Elimu hiyo haikuandikwa. Mama alikwenda porini na binti yake, akamwonyesha uyoga uliosimama, akamtajia jina lake, akamfundisha kuuchimba badala ya kuukata. Mwaka uliofuata binti aliuona tena mahali pale pale, akalikumbuka somo.

Kuuchimba huko kulikuwa na maana. Uyoga mwingi unaopendwa huku kwetu ni ule unaoota pamoja na mchwa. Mchwa wa vichuguu vikubwa ni wakulima: hukusanya majani makavu na vipande vya miti, huvitafuna na kuvijenga mfano wa sega la nyuki ndani ya nyumba yao, na juu ya sega hilo hulimwa kuvu ambalo ndilo chakula chao. Majira ya mvua yakifika, kuvu hilo hutuma shina refu kupanda juu kupitia udongo, likatoka nje na kufunua kofia. Kwa hiyo uyoga wa mchwa una mzizi mrefu ulioshuka mpaka shambani kwa mchwa. Mama aliyemfundisha bintiye kuchimba alikuwa anamwonyesha alama iliyo bora kuliko rangi ya kofia. Wataalamu wa Ulaya walichelewa sana kuupa uyoga huu jina la jamii yake: ilikuwa mwaka 1942 Mfaransa Roger Heim alipouita Termitomyces, maana yake uyoga wa mchwa. Waokotaji wa Afrika walikuwa wamekwisha kuujua hivyo kwa karne nyingi.

Lakini elimu ya kinywa ina mpaka wake. Humfaa mtu katika msitu wa kwao, na akihama, haihami naye. Uyoga wa ugenini waweza kufanana na ule wa nyumbani kama ndugu pacha, kumbe mmoja ni rafiki na mwingine ni adui. Tena kumbukumbu hufa pamoja na mwenye kumbukumbu. Ndiyo sababu watu wa mataifa mengi walitafuta njia ya kuiandika.

Waandishi wa kale hawakufaulu sana. Dioscorides, tabibu wa Kiyunani aliyeishi katika karne ya kwanza, aliandika kwamba uyoga huwa na sumu ukiota karibu na misumari yenye kutu, au vitambaa vilivyooza, au mashimo ya nyoka. Maneno hayo yalinakiliwa na kurudiwa kwa muda wa zaidi ya miaka elfu moja. Na baada yake yakazuka mengine ya namna hiyo: kwamba kijiko cha fedha hugeuka cheusi kikitiwa katika mchuzi wa uyoga mbaya, kwamba uyoga ulioliwa na konokono ni salama kwa mtu, kwamba uyoga unaomenyeka ngozi hauna madhara. Yote haya ni uongo. Konokono hula bila kudhurika uyoga ambao ungemwua mtu, na fedha haijui habari za sumu. Kosa la waandishi hao lilikuwa moja: walitafuta alama moja ya kutenga uyoga wote mwema na uyoga wote mbaya, na alama hiyo haipo duniani. Hakuna njia nyingine ila kuujua kila uyoga kwa jina na sura yake.

Ili tuone uzito wa jambo hili, na tuutazame uyoga mmoja wa Ulaya ambao wataalamu huuita Amanita phalloides. Kofia yake huwa ya kijani kilichofifia au manjano, na chini ya kofia mna vijani vyeupe vilivyopangwa kama kurasa za kitabu. Shina lina pete, na chini kabisa, mara nyingi ndani ya udongo, limesimama katika kitu kama kikombe cheupe. Hauna ladha mbaya. Mtu akiula, hukaa muda wa saa 6 hadi 24 bila kuona lolote. Kisha hutapika na kuharisha sana, na baada ya siku moja au mbili huona nafuu, akadhani amepona. Kumbe wakati huo sumu inaliharibu ini lake. Wengi waliofika hapo walikufa siku chache baadaye. Kupika hakuiondoi sumu hiyo, wala kukausha. Uyoga huu ndio unaosababisha vifo vingi zaidi kuliko uyoga mwingine wowote, na miche ya miti ya Ulaya imeuchukua mpaka nchi nyingine, hata Afrika Kusini.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1740 Kaisari Charles wa Sita alikufa katika mji wa Vienna baada ya kula chakula cha uyoga, na wengi wameamini kwamba ni uyoga huu uliomwua. Hakuacha mtoto wa kiume. Wafalme wa jirani wakakataa urithi wa binti yake, Maria Theresia, na vita vikawaka Ulaya mpaka mwaka 1748. Voltaire, mwandishi mashuhuri wa Ufaransa, aliandika kwamba sahani moja ya uyoga iligeuza majaliwa ya Ulaya. Sababu za vita vile zilikuwa nyingi kuliko hiyo, lakini twaona jinsi meza ya Kaisari ilivyokuwa sawa na meza ya maskini: wote wawili walimtegemea mwokotaji.

Mtu wa kwanza kutunga kitabu kizima juu ya uyoga wa nchi moja alikuwa Carolus Clusius, aliyezaliwa mwaka 1526 katika mji wa Arras. Akiwa Vienna alisafiri mara kwa mara katika nchi iliyoitwa Pannonia, ambayo leo ni sehemu ya Hungaria na Austria. Huko alifanya jambo la busara: aliwauliza wenyeji. Aliandika majina waliyoyatumia kwa lugha zao, akaeleza uyoga gani waliula na upi waliuogopa. Bwana mmoja tajiri wa nchi hiyo, Balthasar Batthyány, alimsaidia kwa gharama, na uyoga ukachorwa kwa rangi za maji katika karatasi zaidi ya 80. Kitabu kilitoka mwaka 1601. Lakini wakati wa kupiga chapa zile picha za rangi hazikupatikana, na mahali pake zikatiwa picha chache zilizochongwa katika mbao, nyeusi na nyeupe. Baadaye picha za asili zilionekana. Padri wa Antwerp, Frans van Sterbeeck, alinakili nyingi katika kitabu chake cha mwaka 1675. Nazo zenyewe zimehifadhiwa hata leo katika mji wa Leiden, Uholanzi.

Kisa hicho kina funzo. Clusius alikuwa na maneno mazuri, lakini maneno bila picha yaliwaacha wasomaji gizani. Ukiandika kwamba kofia ni "ya manjano", msomaji mmoja atafikiri embe bivu, mwingine atafikiri nta, mwingine kiini cha yai. Picha huamua ugomvi huo mara moja.

Hata hivyo, picha nzuri haikutosha maadamu watu hawakujua uyoga hutoka wapi. Wengi waliamini kwamba huzaliwa na uozo, au na radi. Ikiwa kitu huzaliwa na uozo tu, hakuna sababu kizazi kifanane na mzazi, na hakuna faida ya kukipa jina la kudumu. Aliyeivunja imani hiyo alikuwa Pier Antonio Micheli, mtunza bustani wa Florence katika Italia. Alikusanya vumbi laini litokalo katika kuvu, akalitia juu ya vipande vya tikiti na matunda mengine vilivyokatwa wakati huo huo, akangoja. Kutoka katika vumbi la kila aina kiliota kitu cha aina ile ile. Alieleza habari hizo katika kitabu chake cha mwaka 1729. Chembe za vumbi hilo ndizo wataalamu wanazoziita spora, nazo ni kwa uyoga kama mbegu zilivyo kwa mahindi. Tangu hapo ilijulikana kwamba uyoga nao una ukoo wake.

Baada ya miaka karibu mia, Msweden Elias Fries alitumia vumbi hilo hilo kupanga jamii za uyoga. Katika kitabu chake kilichotoka kati ya mwaka 1821 na 1832 alizitenga nyoga zenye vijani kwa rangi ya spora zake: nyeupe, waridi, kahawia, nyeusi na kadhalika. Njia ya kuiona rangi hiyo ni rahisi, na kila mwanafunzi aweza kuijaribu. Kata shina, ilaze kofia juu ya karatasi huku vijani vikitazama chini, ifunike kwa bakuli, uiache usiku kucha. Asubuhi utaona juu ya karatasi mchoro wa vumbi, kama jua lenye miali. Nusu ya karatasi iwe nyeupe na nusu iwe nyeusi, ili vumbi jeupe nalo lionekane.

Nani atasema kwamba huu ni mchezo wa watoto? Katika nchi za joto, na Afrika ikiwamo, kuna uyoga mkubwa mweupe uotao katika nyasi, uitwao Chlorophyllum molybdites. Ukiwa mchanga hufanana mno na uyoga mwema, na waulao hutapika kwa saa nyingi. Kofia yake hudanganya, pete yake hudanganya. Lakini vumbi lake ni la kijani, na hilo halidanganyi. Uyoga wa mchwa hutoa vumbi la waridi. Karatasi moja yaweza kufanya kazi ambayo jicho kali limeshindwa.

Katika karne hizo wachoraji nao hawakulala. James Sowerby wa London, aliyetoa picha nyingi za rangi za uyoga wa Uingereza, aliona kwamba picha ina upande mmoja tu. Akafinyanga kwa udongo mifano karibu 200 ya uyoga na kuipaka rangi, ili watu waizunguke kwa macho na kujifunza kutenga wa kula na wa sumu. Baadaye akaja Beatrix Potter, ambaye dunia humjua kwa hadithi yake ya sungura iliyotoka mwaka 1902. Kabla ya sungura alichora uyoga kwa miaka mingi: ulio mzima na uliokatwa katikati, pamoja na spora alizozitazama kwa darubini. Mwaka 1897 makala yake juu ya kuota kwa spora ilipelekwa mbele ya Linnean Society ya London. Mwenyewe hakuhudhuria, kwa maana wanawake hawakuruhusiwa mkutanoni. Makala hiyo haikupigwa chapa, nayo imepotea. Picha zake zilibaki, na mwaka 1967 picha 59 zilitiwa katika kitabu cha kutambua uyoga. Mlango uliofungiwa mwandishi haukuweza kufungiwa kazi yake.

Wakati huo kamera ilikuwa imekwisha kuwapo. Njia ya Daguerre ya kupiga picha ilitangazwa Paris mwaka 1839. Mtu angefikiri kwamba uyoga ungekuwa wa kwanza kupigwa picha, maana hautikisiki wala haukimbii. Lakini picha za kwanza zilikuwa bila rangi, na uyoga bila rangi umepoteza nusu ya dalili zake. Hata hivyo Mmarekani George Francis Atkinson, mwalimu katika Chuo Kikuu cha Cornell, alitoa mwaka 1900 kitabu chenye picha zaidi ya 200 alizozipiga mwenyewe. Palipokosekana rangi aliweka maneno. Faida yake ilikuwa uaminifu: mchoraji, hata akiwa mwema, huweza kurekebisha kofia iliyopinda au kuacha kovu, kamera huonyesha lililopo. Njia ya rangi ya ndugu Lumière ilianza kuuzwa mwaka 1907, na filamu za rangi zilizo rahisi zikafuata mwaka 1935.

Lakini uaminifu wa kamera nao una kasoro yake. Kamera huona kile tu ilichoelekezwa. Mpiga picha asimamaye wima na kuupiga uyoga kutoka juu hupata duara zuri lenye rangi, basi. Vijani havionekani. Pete haionekani. Kikombe cha Amanita kimezikwa udongoni, na mzizi wa uyoga wa mchwa vile vile. Hivyo picha iliyo ya kweli kabisa yaweza kuficha alama ile ile ambayo uhai wa mtu unaitegemea. Mwingereza Roger Phillips alilielewa jambo hili. Katika kitabu chake cha mwaka 1981 alikusanya nyoga za aina moja, changa na kongwe, akazilaza pamoja mahali pasipo na majani wala mapambo: moja imesimama, moja imepinduliwa, moja imekatwa katikati toka kofia mpaka shina. Picha zake hazikutafuta urembo kwanza. Zilitafuta kujibu maswali.

Na huku kwetu je? Mwaka 1977 David Pegler wa bustani ya Kew huko Uingereza alitoa kitabu cha uyoga wenye vijani wa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1980 yeye na mwenzake Piearce walieleza kwa mara ya kwanza katika maandishi ya sayansi uyoga wa mchwa wa Zambia ambao kofia yake yaweza kufikia upana wa mita moja, wakauita Termitomyces titanicus. Ulikuwa mpya katika vitabu tu. Wenyeji walikuwa wakiuokota na kuula tangu zamani. Kisha mwaka 2003 wataalamu wawili wa Finland, Marja Härkönen na Tuomo Niemelä, pamoja na Mtanzania Leonard Mwasumbi, walitoa kitabu cha uyoga wa Tanzania chenye picha za rangi, baada ya kuzunguka vijijini na kuwauliza watu majina na matumizi ya kila uyoga. Njia yao ilikuwa ile ile ya Clusius, baada ya miaka mia nne: kwanza mwenyeji, kisha mtaalamu, na picha katikati yao kama mkalimani.

Kazi iliyobaki ni kubwa. Uyoga na kuvu zilizokwisha kupewa majina ya sayansi ni zaidi ya 150,000, na wataalamu hukadiria kwamba zilizopo duniani zinafika milioni 2 au zaidi. Tena si mimea, kama walivyofikiri wa kale: mwaka 1969 Robert Whittaker alizitenga katika himaya yake mwenyewe, na uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba ukoo wake u karibu na wa wanyama kuliko wa mimea. Sehemu kubwa ya himaya hiyo iko katika nchi za joto, maana yake iko pia nyuma ya shule zetu.

Siku hizi simu ya mkononi ni kamera, na zimo programu ambazo huitazama picha na kutaja jina papo hapo. Zaweza kumsaidia mwanafunzi aanze kutafuta. Zisimwambie ale. Programu hupewa picha tu: hainusi, haichimbi, haikulaza kofia juu ya karatasi usiku kucha. Ikiwa Clusius hakuridhika na macho yake mpaka alipowauliza wakulima wa Pannonia, yafaa nasi tusiridhike na kioo cha simu.

Basi, kijana utakaye kuingia katika kazi hii, fanya hivi. Kabla ya kuugusa uyoga, upige picha pale ulipo, ili mti, nyasi au kichuguu vionekane. Weka sarafu au rula kando yake, ili ukubwa ujulikane. Inama uupige kwa ubavu. Uchimbe taratibu mpaka mwisho wa shina, uupige mzima. Uupindue, uupige vijani. Ukate katikati, utazame kama rangi inageuka. Andika tarehe, mahali na harufu. Acha kofia juu ya karatasi mpaka asubuhi. Kisha nenda kwa bibi au mzee aujuaye msitu, umwombe jina kwa heshima, uliandike kama alivyolitamka. Nawa mikono, na usionje kitu ambacho hakikutambuliwa na mtu aujuaye uyoga huo kwa hakika.

Jina atakalokutajia mzee huyo huenda halimo katika kitabu chochote. Likiandikwa chini ya picha iliyo kamili, litabaki. Lisipoandikwa, mvua zitaendelea kunyesha na uyoga utaendelea kuota, lakini hatakuwapo mtu wa kusema upi ni chakula na upi ni mauti.